Mkwe Havuki Majivu

Mama yangu ana mguu mmoja mzuri na mmoja wenye historia. Wenye historia ni wa kushoto. Uliipata kwenye msiba wa jirani, huko kwetu juu ya Tengeru, mimi nikiwa shule ya msingi. Wanawake walikuwa wanapika chai ya waombolezaji. Mmoja anavuta gogo kinyumenyume, mwingine kaiweka sufuria katikati ya njia "mara moja tu," na mama anapita na kandambili zake, kabeba kapu la vikombe. Gogo likagonga sufuria, sufuria ikamwaga chai, chai ikachagua mguu. Vikombe havikuvunjika hata kimoja, na mama anajivunia jambo hilo hadi leo. Anasema kuna wanawake duniani wanaoga maziwa, yeye kaoga chai, tena yenye tangawizi.

Mimi sicheki. Nilikuwepo. Nilimwona akiuburuta mguu ule msimu mzima wa kahawa, na bado anauburuta, hasa baridi ya Julai ikishuka kutoka mlimani. Ukitaka kujua kwa nini nimekuwa mwanamke mkali jikoni, jibu ni hilo. Wengine wanadhani nilizaliwa hivi, na kinara wao ni shangazi yangu.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Naishi Daraja Mbili, na masufuria yangu yanaishi nami, nayo ni mengi kuliko viti. Kabla ya hapo nilipika kwenye hoteli moja ya watalii njia ya kwenda Momela, na huko nilipata kitu kinachokaribia kuwa dini ya pili. Dini hiyo inafundisha kwamba kila kitu kina mahali pake, na mahali pake ni pale ambapo mkono utakikuta bila macho kusaidia. Kisu hakilazwi kwenye beseni lenye povu, maana atakayekuja kuosha vyombo hana macho vidoleni. Kitambaa cha kushikia sufuria kiwe kikavu, kwani kilicholowa kinageuka mvuke kikiwa mkononi mwako. Kuni zikatwe fupi zisichungulie nje ya jiko na kutega watu. Na ukibeba kitu cha moto nyuma ya mwenzako, unapaza sauti: "Moto nyuma!"

Mara ya kwanza kupaza sauti hiyo nyumbani kwetu, shangazi alikuwa ameinama akimenya ndizi. Aliitikia, "Amina!" na hakusogea hata kidogo. Nikarudia. Akaitikia tena, safari hii na mkono juu, na kisu kikiwa kwenye mkono huo huo. Nilibaki nyuma yake na sufuria ya mchuzi hadi alipomaliza kubarikiwa.

Hotelini sakafu ilikuwa na utepe wa njano wa kuonyesha nani apite wapi. Kwetu sakafu ni udongo wa migombani, na utepe haushiki kwenye udongo, niliujaribu ukaishia mguuni mwa kuku. Ndipo nikapata akili ya majivu. Nilitoboa kopo la maziwa ya unga kwa msumari, nikachekecha majivu ya jikoni, nikalijaza, na kila shughuli nikawa nazungusha mstari mweupe: mafiga ndani, meza ya visu ndani, ndoo ya mchanga ndani, na njia ya kutoka motoni hadi meza ya chakula ndani. Walioruhusiwa kuvuka ni watu wangu tu, wenye aproni na viatu vya kufunika vidole. Wengine wote wabaki nje, na nje ni kukubwa, kunafika hadi Moshi.

Mteja akiwa mgeni kwangu, mstari ulifanya kazi vizuri. Wateja wananiogopa. Tatizo ni ndugu.

Mdogo wangu alipochumbiwa, tulikubaliana sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, ifanyike nyumbani kwa mama, kwenye uwanja kati ya nyumba na kahawa. Wakwe walikuwa Wachaga wa mjini, wafanyabiashara, watu wa kanisa kama sisi, wacheshi na wenye sauti. Walitaka ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma. Na kwa kuwa Mchaga haamini kwamba mbuzi anaweza kuchaguliwa sawasawa na kabila lingine, hata Wameru kama sisi, walimnunua wao wenyewe kwenye mnada wa Kisongo, wakamleta, wakampigia simu mdogo wangu asubuhi kuuliza kama amelala vizuri. Mbuzi, si mdogo wangu.

Mimi nilikuwa na hofu moja tu, na sikumficha mtu: mama na ule mguu. Mafiga matano, mafuta ya kukaangia kuku, ndafu juu ya makaa, udongo ulionyeshewa, na mama ambaye hajawahi kuona sufuria asiifunue. Usiku niliota chai. Basi siku moja kabla nikamweka chini.

"Mama, kesho wewe ni mama wa bibi harusi. Kazi yako ni kukaa kwenye tenti na kitenge chako kipya. Jikoni usije."

Alikuwa anatazama ubao wangu wa visu. Nilikuwa nimeuchora kwa mkaa, kila kisu na umbo lake, ili kikikosekana pengo lionekane. Akaangalia kopo la chumvi lenye kifuniko chekundu na la sukari lenye kifuniko cha bluu. Akaangalia na kile kitambaa kikavu kwenye msumari wake.

"Kisu kina mahali pake," akasema. "Chumvi ina mahali pake. Hata hako katambara kana mahali pake. Mimi mahali pangu ni wapi?"

"Kwenye tenti, mama."

"Tenti ni ya wageni."

"Mama, mguu wako..."

"Mguu wangu nautembelea mimi, si wewe," akaniambia, akaondoka. Nikaona nimeshinda, kwa sababu mimi nikiachiwa neno la mwisho au nikinyamazishwa, vyote nahesabu ni ushindi.

Asubuhi nilimwaga majivu yangu kabla umande haujakauka. Mstari ulitoka mzuri, nikasimama kuutazama na kikombe mkononi. Shangazi akauvuka. Alikuja kuchukua kisu kikubwa cha ubaoni, akakata nacho kamba ya tenti, kisha akakizika kwenye beseni la maganda ya ndizi. Nilikipata kwa kidole gumba. Haikuwa vibaya, lakini nilizungumza maneno ambayo mtu wa sendofu hapaswi kuzungumza.

"Shangazi, asiyesikia la mkuu..."

"Mkuu ni nani hapa?" akauliza. "Mimi nilikubeba mgongoni."

Kwa hoja ya mgongo hakuna anayeshinda. Nikakirudisha kisu mahali pake nikafunga kidole kwa plasta.

Halafu mama akaanza. Kwanza alikuja kuuliza chumvi iko wapi, wakati kifuniko chekundu kinaonekana toka barabarani. Kisha alikuja kumsalimia mbuzi, ambaye wakati huo alikuwa hajibu salamu. Kisha akaja kuonja loshoro, mahindi yetu ya mtindi, kisha akaja kuniambia loshoro inahitaji mtindi zaidi, kisha akaja kuutia mtindi wenyewe. Kila alipovuka, mguu wa kushoto ulifuta kipande cha mstari, na kila alipotoka nikaenda na kopo langu kukijaza. Hata nikiwa nimempa mgongo nilijua alipopitia. Nilikasirika, na chini ya hasira kulikuwa na woga mtupu, kwa sababu mafuta yalikuwa yameanza kuchemka.

"Mama, nakuomba," nikamwambia mwishowe. "Nakuomba kama mtoto. Toka."

Aliniangalia, akajifuta mikono kwenye kitenge kipya, akaenda tenti. Aliketi peke yake kwenye kiti cha plastiki, uso umeelekea kahawa. Ningetamani anitukane. Manahodha wengi chombo huenda mrama, wanasema watu wa pwani, nasi huku chombo chetu ni sufuria, lakini nahodha niliyemshusha alikuwa mama yangu, kwenye uwanja wake, siku ya binti yake. Nilikoroga pilau bila furaha.

Wakwe wakaingia mchana kwa vigelegele, wanawake wote sare ya kitenge cha zambarau na viatu vya visigino virefu. Mvua ya jana yake ilikuwa imelainisha uwanja, kwa hiyo walitembea kwa kuchomoka, hatua moja na kuvuta, hatua moja na kuvuta. Walikunywa chai, walisali, walitambulishana. Na kisha ilipofika zamu ya ndafu kuletwa, mjomba wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye kofia ya pama, akasimama akatangaza kwamba kwao ndafu haiji tu kama sahani ya maandazi. Wao wangeenda kumchukua wenyewe kutoka motoni. Kwa nyimbo.

Nikasikia nyimbo hizo nikiwa na kuku kwenye mafuta. Nikageuka. Ukoo mzima unakuja, mzima, unacheza, wengine kinyumenyume ili mpiga picha awapate vizuri, visigino vinachimba udongo, na wote wanaelekea kwenye mstari wangu ambao hakuna aliyewaambia ni kitu gani. Mchomaji wangu alikuwa ameshamtia mbuzi majani mdomoni, kama ilivyo desturi ya ndafu, anasubiri msaada wa kumwinua. Kikaango cha mafuta kilikuwa kando yake. Nilipiga kelele, "Simameni! Moto!" Wakaitikia, "Moto!" na kuongeza mwendo. Hao nao walikuwa watu wa maombi.

Hapo nikamwona mama. Alikuwa anatoka tenti kwa njia ya mkato, anaburuta mguu upande huu na kiti cha plastiki upande ule, mwendo ambao sijawahi kumwona nao tangu nizaliwe. Aliwatangulia. Akakipiga kiti chini juu ya mstari wenyewe, miguu miwili ya kiti ndani, miwili nje, akaketi, akatandaza kitenge chake magotini.

"Karibuni, wakwe zetu," akasema, kwa sauti ya taratibu kabisa. "Hapa kwetu mkwe havuki majivu."

Wimbo ulikatika. Waliokuwa wakicheza kinyumenyume wakagongana na waliosimama. Mjomba akatazama chini, akauona mstari mweupe unavyozunguka, akautazama ubao wa visu ulivyopangwa, ndoo ya mchanga, vitambaa kwenye misumari, sisi wenye aproni tumesimama kila mtu kwenye nafasi yake. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama," akasema, ingawa nadhani wanalingana umri. "Samahani sana. Hatukujua. Ni mila?"

"Ni ya hapa nyumbani," mama akajibu. Na kweli, nyumbani palikuwa hapo.

"Na mkwe akitaka kuvuka?"

"Hatakiwi kutaka."

Wachaga wakajikusanya pembeni kushauriana. Mimi nilikuwa nimeshika upawa hewani, mafuta yananidondokea kwenye aproni, nashindwa hata kufumba mdomo. Shangazi, ambaye asubuhi alivuka mstari ule mara nyingi kuliko kuku wote wa boma, alikuja akasimama kando ya kiti cha mama, nje, akawaambia wale wanawake wa zambarau kwamba hata yeye havuki. "Tangu tukiwa wadogo," akaongeza. Hiyo ya mwisho hakuna aliyemwomba.

Mjomba alirudi na majani mawili ya isale aliyoyachuma kwenye ua wetu wenyewe, ambayo kwa Mchaga ndiyo njia ya kuomba radhi isiyoweza kukataliwa, na nyuma yake watu wawili wamebeba kreti ya soda. Akampa mama majani kwa mikono miwili. Mama akayapokea, akayaweka mapajani, akaionyesha kreti mahali pa kukaa, kulia kwa kiti, mbali na njia.

"Mgeni njoo mwenyeji apone," akasema. "Sasa mnaweza kuimba. Lakini mtaimbia hapo hapo."

Wakajipanga kando ya mstari, vidole vya viatu vikigusa majivu bila kuyapita, watu wazima na heshima zao kama watoto wa darasa la kwanza, wakaanza kuimba tena. Nikampa mchomaji ishara. Yeye na mwenzake wakashika mti aliochomewa mbuzi, wakaanza kumwinua.

Figa moja lililobeba ncha ya mti likateleza. Ni ule udongo. Mti ukainama, kwato ya ndafu ikakipiga teke kikaango cha mafuta, na mafuta yakaruka na kumwagika kuelekea uwanjani, yakakuta makaa, yakawaka. Mkono wangu ulikuwa kwenye ndoo ya mchanga kabla sijafikiri mchanga. Mwenzangu wa upande wa pili alikuwa kwenye mfuniko mkubwa. Tulimwaga, tukafunika, tukamwaga tena, kukawa na moshi mzito, na chini ya moshi hakuna mtu. Mahali palipowaka ni pale hasa ambapo ukoo wa zambarau ungekuwa unacheza kinyumenyume. Palikuwa patupu, na kuku wangu wachache wa kukaanga wameangukia hapo.

Kitu kilichoungua ni kimoja. Yale majani mdomoni mwa mbuzi yalishika moto. Mchomaji aliyapuliza yakazimika, lakini yakaendelea kufuka, na mbuzi akatokeza kwenye moshi juu ya mti, ameivaa rangi ya dhahabu, anafuka pembeni ya mdomo kama mstaafu anayevuta sigara barazani. Kisha wakwe wakalipuka kwa vigelegele. Mpiga picha akapiga magoti kwenye tope. Mjomba akamwinamia mama akamuuliza kama na hiyo ya moshi ni mila.

"Hiyo ni kwa wakwe tunaowapenda," mama akamjibu.

"Aika, mae," mjomba akashukuru, na machozi yalimlenga, masikini.

Walipomchukua mbuzi na kuondoka naye, nilikwenda kwa mama. Alikuwa bado ameketi, kafungua soda. Mafuta yalikuwa yameishia mbali kidogo na kiti chake, yameacha ulimi mweusi ardhini. Alikuwa ameuvuta mguu wa kushoto chini ya kiti. Nikachuchumaa. Nikalia, na sitasingizia moshi.

"Ungewaambia ni usalama wangeuvuka," akasema. "Wewe umekuwa ukituambia ni usalama, nani kakusikia?"

"Lakini mama, umewadanganya wakwe."

"Nimewadanganya nini? Kuna mkwe aliyevuka?" Akanipa chupa ninywe. "Na mahali pangu ni hapa. Ungenionyesha toka jana, kitenge kisingechafuka mtindi."

Tangu siku hiyo nikienda kwenye kazi, kitu cha kwanza kupandishwa kwenye kirikuu, kigari changu cha mizigo, ni kile kiti cha plastiki. Mama akiweza kuja anakaa juu ya mstari, anapokea salamu, anakataza watu. Akiwa hawezi, kiti kinakaa peke yake, na bado watu wanakizunguka.

Nilidhani habari imeishia hapo, hadi mwaka huu tulipoalikwa mimi na mama kwenye harusi ya watu tusiowajua sana, upande wa pili wa mlima. Safari hii nilikuwa mgeni. Nilivaa vizuri, nikavaa na visigino. Getini tukasimamishwa. Kulikuwa na mstari wa majivu umekatiza mlango, na mshereheshaji mwenye suti ya kung'aa na kopo la maziwa ya unga mkononi akatueleza kwa kipaza sauti kwamba hii ni mila ya Wameru toka enzi za mababu, na mkwe au mgeni havuki bila soda. Nilimweleza kwamba mababu zangu walikuwa na mila nyingi, ila kopo la maziwa ya unga hawakuwa nalo. Akanisifu kwa ucheshi na kuniomba soda.

Tuliingia. Nikachungulia jikoni, kwa maana sijui kwenda mahali bila kuchungulia jikoni. Wanawake wamevaa kandambili. Visu vimelala kwenye beseni. Sufuria ya chai imewekwa katikati ya njia, mara moja tu. Mstari wa majivu hakuna. Damu ilinipanda, nikafungua mdomo nianze, nikamgeukia mama anishike mkono kabla sijatuaibisha.

Mama hakuwa pembeni yangu. Alikuwa amerudi getini. Alichukua lile kopo kutoka kwa mshereheshaji, akaja nalo jikoni, akaamkia wenye umri na kuamkiwa na wengine, na kwa mguu wake akaisogeza ile sufuria ya chai kutoka njiani, ule ule wa kushoto. Kisha akaanza kumwaga majivu kuyazunguka mafiga. Anamwaga mstari mbele, mguu unaufuta nyuma, anamwaga, unafuta, wala hakugeuka kutazama. Nikavua viatu vyangu vya visigino, nikaokota kopo jingine pale jikoni, nikajaza majivu, nikamfuata nyuma nikimjazia palipofutika. Halafu nikakumbuka niko peku ndani ya mstari, nikavivaa tena.